Tailizi au bati: upange vipi madirisha ya kompyuta yako

"Dada, hiyo umeifanyaje?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Mteja kasimama nyuma ya kiti changu, kidole kimeelekea kwenye skrini: kushoto kuna muhtasari wa kikao alioniletea ukiwa umeandikwa kwa mkono, nimeuskani; kulia kuna Word, nachapa. Yeye ana laptopu nyumbani mwaka wa tatu huu, na siku zote amekuwa akifungua kitu, anakisoma, anakifunga, anafungua kingine. Nikimwonyesha anacheka. Kesho yake anarudi na swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: mbona kwake skrini ikigawanyika hivyo haoni kitu?

Nina steshenari hapa Dodoma, si mbali na soko la Sabasaba. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, kuskani, kuwaombea watu ajira na mikopo ya chuo mtandaoni, wakandarasi wadogo wanaohangaika na zabuni kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na kuanzia Aprili, Bunge la bajeti likianza na mji ukijaa wageni, majedwali ya Excel yasiyokwisha. Nina mashine mbili. Moja ni laptopu ya inchi 14 yenye skrini ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, 1366 kwa 768. Nyingine ni deskitopu ya mtumba yenye monita ya inchi 22, pikseli 1920 kwa 1080. Hizo namba zishike, tutazirudia.

Majina kwanza

Mji huu kila kona wanajenga, kwa hiyo nitaazima maneno kwa mafundi. Fundi wa tailizi anaweka kipande ubavuni mwa kipande. Hakuna kinachopanda juu ya mwenzake, na sakafu yote unaiona. Fundi wa paa ni kinyume chake: kila bati linalalia ukingo wa lingine, na ukilitazama paa unaona bati la mwisho zima na vipande vya yale mengine. Madirisha ya kompyuta ni hivyo hivyo. Kwa mpango wa tailizi, skrini inagawanywa na kila dirisha linapewa sehemu yake. Kwa mpango wa bati, madirisha yanalaliana kwa mshazari kutoka kona ya juu kushoto kuteremka kulia. La mbele linaonekana lote, na yaliyo nyuma yanachungulia kwa upau wa juu tu, ule wenye jina la faili.

Wapo wanaouita mpango wa kwanza "vigae". Nimelikwepa neno hilo makusudi. Vigae vya sakafuni havilaliani, vya paani vinalaliana, na nimeshashuhudia watu wawili wakibishana robo saa kumbe kila mmoja anawaza kigae chake.

Macho au mikono

Wengi huanza kwa kuhesabu: nina madirisha mawili nitumie tailizi, nina saba nitumie bati. Hesabu hiyo inasaidia kidogo sana. Mimi hujiuliza kazi hii ni ya macho au ya mikono. Kama macho yanahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, kusoma huku na kuandika kule, kulinganisha huyu na yule, hiyo ni kazi ya tailizi hata kama una madirisha kumi; yale manane yashushe chini yakasubiri. Kama mkono unakwenda kwenye kitu kimoja, unakimaliza, unakamata kingine, bati linatosha, na mara nyingi linafaa zaidi.

Na kazi isipokuwa ya macho wala ya kukamata vingi? Mtu anayeandika barua moja asubuhi nzima hahitaji mpango wowote. Alijaze dirisha kwenye skrini aendelee na maisha yake.

Pale tailizi inapolipa

Turudi kwenye ule muhtasari wa kikao. Mwandishi wake ana mwandiko wa mbio, herufi "n" na "u" kwake ni pacha, na namba za ekari kaziandika pembeni ya ukurasa zikipanda juu. Nikiwa na dirisha moja tu mbele yangu, nasoma mstari, nabonyeza Alt na Tab kuhamia Word, nachapa, narudi, natafuta nilipoishia. Ni katika kule kurudi ndipo mistari inaporukwa. Muhtasari umejaa "Mwenyekiti alisema". Aya ya tatu inaanza hivyo, na ya nne inaanza hivyo. Jicho linatua kwenye ya nne, nachapa kwa raha zangu, na hoja nzima ya ajenda ya maji imepotea bila mimi wala mteja kujua. Madirisha yakikaa ubavu kwa ubavu, ukurasa hautoki machoni. Mstari ninaousoma nauweka juu kabisa ya dirisha lake, nikiumaliza nauviringisha unapotea. Kilichobaki kuonekana ni ambacho bado sijachapa.

Majedwali yana habari zake. Mhasibu wa mradi aliniletea rasimu mbili za bajeti, ya Februari na ya Aprili, akataka kujua nini kimebadilika. Ukiwa ndani ya Excel huna haja hata ya kugusa mpangilio wa kompyuta yenyewe. Fungua faili zote mbili, nenda kwenye kichupo cha View, bonyeza "View Side by Side". Mara nyingi Excel itayalaza moja juu, jingine chini. Usikimbilie kuyageuza: jedwali lenye safu wima nyingi linapenda upana, kwa hiyo juu na chini ni sawa kabisa. Kama ni orodha ndefu na nyembamba, ingia "Arrange All" uchague "Vertical", yakae ubavuni.

Uzuri wake ni kwamba ukiviringisha moja, la pili linafuata. Ubaya wake ulinitoa jasho siku ile. Rasimu ya Aprili ilikuwa imeongezewa mstari mmoja, gharama za mafuta, karibu na juu. Kuanzia hapo mistari ya namba moja, mathalani wa 20 wa huku na wa 20 wa kule, ilikuwa inatazamana, lakini vilikuwa vitu viwili tofauti, na mimi naandika kwa kalamu nyekundu kwamba posho imepungua, viti vimepanda. Nilijaza nusu ukurasa wa tofauti ambazo hazikuwepo. Dawa ni rahisi ukiijua: bonyeza "Synchronous Scrolling" kuizima, lisogeze jedwali moja mpaka mistari ikutane tena, kisha iwashe. Kuanzia hapo yatakwenda pamoja yakiwa na ile tofauti ya mstari mmoja.

Pale tailizi inapokula kwako

Sasa jibu la yule wa kesho yake, ambaye kwake haoni kitu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Word ikiionyesha kwa asilimia 100, kwa vipimo vya kawaida vya Windows, inachukua pikseli kama 794. Skrini yangu ya deskitopu ikigawanywa katikati inatoa pikseli 960 kila upande: karatasi inaenea na pembeni panabaki. Ile laptopu ikigawanywa inatoa 683. Karatasi haienei. Utapunguza ukubwa mpaka asilimia 80, maandishi yanakuwa ya sisimizi, au utakuwa unaivuta kushoto na kulia kila mstari, na hapo afadhali ungebaki na Alt na Tab yako.

Ukiigawa laptopu hiyo mara nne ndiyo kichekesho. Ondoa upau wa chini, kila dirisha linabaki na urefu wa pikseli kama 364, na utepe wa vitufe wa Word unakula sehemu kubwa ya hizo. Unabaki na dirisha la kusomea mistari michache. Ctrl na F1 kwa pamoja huuficha ule utepe. Inasaidia, ila haifanyi muujiza.

Kurasa za mtandao ndizo zenye visa. Tovuti nyingi zikiona dirisha limekuwa jembamba zinadhani ziko kwenye simu: menyu inajikunja ikawa mistari mitatu kwenye kona, vitufe vinahamia chini. Mteja anakwambia "bonyeza pale palipoandikwa endelea," na wewe hapo hupaoni. Majedwali ya kwenye fomu za mtandaoni nayo huwa yanakatwa kulia, na kitufe cha kuhifadhi kinakuwa huko huko kulikokatwa. Na kuna programu zinazokataa kabisa kupungua chini ya upana fulani. Ukizipanga tailizi zinamkanyaga jirani.

Kitu kingine ni macho ya mtu. Mzee mmoja mstaafu, fundi wa mahesabu wa enzi zake, alinunua laptopu nzuri tu ya 1920 kwa 1080 akalalamika kwamba ushauri wangu haufanyi kazi. Nikaomba niione. Ameweka maandishi yakuzwe kwa asilimia 150.

"Shikamoo mzee, hapa ndipo penye tatizo."

"Marahaba. Sasa mwanangu, nikiyapunguza sioni."

Alikuwa na haki. Skrini ya 1920 ikikuzwa asilimia 150 inafanya kazi kama ya 1280, nusu yake ni 640, ndogo kuliko nusu ya laptopu yangu ya bei chee. Kwake tailizi haikuwa jibu. Nilimwekea bati, madirisha matatu makubwa yenye majina yanayosomeka, na kitufe kimoja cha kubadilisha. Kwa hiyo mtu akikuuliza skrini yako ni ya ngapi, muulize pia umeikuza kiasi gani.

Bati na tabia zake

Bati linanifaa siku za maombi ya ajira. Mtu analeta cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, kitambulisho cha taifa, barua ya maombi. Nafungua vyote, kila kimoja dirisha lake, nakagua kimoja kimoja: jina limeandikwa sawasawa, picha inasomeka, kurasa zote zipo. Hapa silinganishi vitu viwili. Namaliza cha mbele, nakifunga, kinachofuata kinajitokeza. Kila dirisha ni kubwa vya kutosha kusoma muhuri, na sipotezi hesabu ya vilivyobaki kwa sababu pau zao za majina zinaonekana kule juu kama ngazi. Kwenye laptopu ndogo bati linashinda tailizi kwa kazi hii bila ubishi.

Ila bati linakudai kitu kimoja: majina ya faili. Picha zilizotoka kwenye simu huja na majina ya tarakimu tupu, na sita zikipangwa kwa bati unapata ngazi ya tarakimu. Huwezi kujua ipi ni cheti na ipi ni barua mpaka ubofye. Wenye kulinyooshea bati kidole, asilimia kubwa tatizo lao ni hili. Mimi sifungui kitu kabla sijakibadilisha jina, na neno linalotofautisha naliweka mwanzo: "kuzaliwa", "form4", "barua". Ukianza na "Cheti cha" kwenye zote, dirisha likiwa jembamba upau unakata jina mwishoni na unabaki na vyeti sita vinavyoitwa "Cheti cha".

Kosa langu kubwa la mwaka lilitokea kwenye bati. Walikuja ndugu wawili, kaka na dada, wote wanaomba mkopo wa chuo. Kwa haraka zangu nikafungua nyaraka za wote wawili kwa pamoja. Majina mawili ya mwisho yanafanana, vyeti vya kuzaliwa vimeskaniwa kwenye mashine moja, rangi moja. Nilikuwa najaza fomu ya kaka. Nikaruka kwenye cheti, nikasoma namba, nikarudi, nikaandika. Nikaruka tena, nikasoma tarehe. Binti akasema taratibu, "Dada, hiyo tarehe ni yangu, siyo ya kaka." Cheti nilichokuwa nakisoma kilikuwa cha mbele, na cha mbele hakikuwa cha mwenye fomu. Namba niliyokwisha kuiandika nayo ilikuwa yake.

Kujaza fomu kutoka kwenye cheti ni kazi ya macho. Mimi niliifanya kwa mpango wa mikono. Siku hizi nakagua nyaraka kwa bati, kisha ikifika zamu ya kujaza nazishusha zote, nabakiza mbili tu, fomu na cheti kimoja, ubavu kwa ubavu. Na ndugu hawafunguliwi pamoja tena.

Nani anachungulia

Jambo hili watu wa nyumbani hawalifikirii, ila kwetu wenye kaunta ni zito. Mteja anasimama mgongoni kwako. Ukiwa umepanga tailizi nne, anayesubiri zamu anasoma mshahara wa aliyetangulia, ugonjwa wake, namba yake ya NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, aibu ipo. Bati linaficha zaidi kwa kuwa dirisha moja tu ndilo wazi. Halifichi yote: upau wa jina unaweza kuwa umeandika "Barua ya kuachishwa kazi" ikifuatiwa na jina kamili la mtu, na ngazi nzima inasomeka kutoka mlangoni. Kabla hujapanga chochote, yashushe madirisha ya wateja wengine. Dirisha lililoshushwa haliguswi na mpango wowote kati ya hii miwili. Kompyuta inapanga yaliyo juu tu.

Ubishi wa zamani

Mashindano haya yana umri kuliko wengi wetu tunaochapa. Windows ya kwanza kabisa, ya mwaka 1985, ilikuwa ya tailizi; madirisha ya programu hayakuruhusiwa kulaliana. Kompyuta za Xerox Star zilizotangulia, za mwaka 1981, nazo zilikuwa na mwelekeo huo. Macintosh ya Apple ya mwaka 1984 iliyaacha yalaliane kama karatasi juu ya meza, na Windows ya pili, mwaka 1987, ikafuata njia hiyo. Tangu hapo kulaliana ndiyo hali tunayoikuta tukiwasha mashine, na tailizi ikawa kitu cha kukitafuta mwenyewe.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Xerox, Sara Bly na Jarrett Rosenberg, waliilinganisha mipango hii kwa kuwapa watu kazi wazifanye. Pale ambapo vilivyomo vilienea vizuri kwenye nafasi zake na hapakuwa na haja ya kusogezasogeza, tailizi ilikuwa ya haraka. Pale ambapo mtu alilazimika kupangapanga, wapo waliokwenda haraka zaidi kwa madirisha ya kulaliana, na hao walikuwa waliozoea, wengine yaliwachelewesha. Karibu miaka 40 baadaye, kwenye kaunta yangu naona vilevile. Msaidizi wangu mpya akipewa madirisha matano yaliyolaliana anapotea. Mimi mwenyewe sipotei, lakini nimeshapotea mara nyingi kabla.

Inavyofanyika

Kwenye Windows 10, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye upau wa chini. Utakutana na chaguo tatu: "Cascade windows" ndiyo bati, "Show windows stacked" ni tailizi za juu na chini, "Show windows side by side" ni tailizi za ubavuni. Usipopenda ulichokiona, bofya tena palepale, utapata chaguo la kurudisha ilivyokuwa. Chaguo hizi zipo tangu Windows 95. Wakati huo za tailizi ziliitwa za mlalo na za wima, na kila mtu alichanganyikiwa ipi ni ipi.

Windows 11 imeziondoa. Ukibofya pale unapata mipangilio ya upau na Task Manager basi. Hili silipendi hata kidogo, maana Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 na wengi tunasukumwa kuhama. Bati halijafa kabisa, ukifungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, ukaandika (New-Object -ComObject Shell.Application).CascadeWindows() madirisha yatajipanga. Lakini mwambie mteja wangu wa mihutasari aandike hayo.

Tailizi, kwa upande wake, imependelewa. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 unashika upau wa juu wa dirisha, unaliburuta mpaka ukingo wa skrini, unaachia, linakaa nusu. Kwa kibodi ni kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au kulia. Windows 10 ikaongeza robo, na ikaanza kukuuliza upande wa pili ukae nani. Mstari wa katikati kati ya madirisha hayo mawili unaweza kuuvuta, moja likipanuka jingine linapungua. Mimi sigawi nusu kwa nusu karibu kamwe: cheti napa kidogo, fomu napa kikubwa. Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows na Z, utaonyeshwa maumbo ya kuchagua. Maumbo ya safu tatu huja kwenye skrini yenye upana wa 1920 au zaidi baada ya kukuzwa, kwa hiyo mzee wangu wa asilimia 150 asiyatafute.

Wenye Mac, ambao hapa kaunta kwangu nawahesabu kwa vidole, walipata kugawa skrini mara mbili mwaka 2015, na tailizi za kuburuta mpaka ukingoni zikaja na toleo la Sequoia mwaka 2024. Linux, mfumo mwingine unaoshindana na Windows na Mac, ndiko kuna waumini wa kweli. Programu kama dwm ya mwaka 2006 na i3 ya mwaka 2009 hupanga tailizi zenyewe: ukifungua dirisha la pili la kwanza linajisogeza, la tatu likija yote yanagawana. Kijana mmoja anayesoma kompyuta UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alinionyesha yake, mikono haigusi mausi, madirisha yanaruka kama panzi. Nilivutiwa. Dukani siwezi kuiweka. Siku mteja atakaposhika mashine achague picha yake mwenyewe, hatajua hata pa kufungia.

Kabla sijasahau: watu huniuliza mpango upi unachosha mashine. Hakuna wa maana. Kinachokula memori ni programu uliyoifungua, ipangwe vyovyote vile. Laptopu yenye gigabaiti 4 ikiwa nzito, funga madirisha, usiyapange upya.

Kama unanunua skrini

Ukiwa na kazi ya macho kila siku, kuchapa kutoka kwenye karatasi, kukagua hesabu, kutafsiri, hela uliyotaka kuongezea kwenye laptopu mpya ipeleke kwenye monita ya pembeni. Ya mtumba ya 1920 kwa 1080 inatosha, ilimradi uiwashe na kuikagua kabla ya kulipa. Ukiunganisha na laptopu yako unapata tailizi mbili ambazo kila moja ni skrini nzima. Iweke isitazamane na mlango. Miezi ya upepo, Agosti na Septemba, ukiacha vumbi, jua linalopiga kwenye kioo litakulazimisha kukuza maandishi, na ukikuza unajua kinachofuata kwenye ile hesabu ya pikseli.

Monita ya pili ina kisa chake. Majuzi alikuja ofisa mmoja ametoka kuwasilisha ripoti ukumbini. Word yake "imeharibika", anasema: anaifungua, kwenye upau wa chini inaonekana imefunguka, lakini juu ya skrini hamna kitu. Anataka nimwekee mpya.

Dirisha lilikuwepo. Lilikuwa limebaki upande wa projekta, na projekta iko ukumbini. Angekuwa na Windows 10 ningebofya "Cascade windows" na bati lingelirudisha pamoja na mengine. Hiyo ndiyo kazi moja ninayoikumbuka sana. Alikuwa na Windows 11. Nikabofya ikoni ya Word kule chini, nikabonyeza Alt na kitufe cha nafasi, nikabonyeza M, nikagusa mshale wa kushoto mara moja, kisha nikasogeza mausi. Ripoti ikaingia taratibu kutoka ukingo wa kulia, ukurasa wa 14, pale pale alipoishia.

"Shilingi ngapi, dada?"

Nikamwambia anunue rimu moja ya karatasi, tutakuwa tumemalizana.